Kiti Kimoja, Mapasa Wawili

Ukishuka kwenye treni hapa Kamina ukafuata njia ya soko, utamkuta Kabange mkono wa kushoto, chini ya mabati aliyoyafunga kwenye miti kwa waya. Anatengeneza kinga. Kwetu kinga ni baiskeli, na bila kinga mji huu ungelala njaa, maana makaa, mahindi na mihogo ya njia ya Kabongo vyote huja juu ya kinga, mtu akisukuma mpaka miguu inakuwa ya kuazima. Kabange huwapokea watu hao, anageuza gurudumu juu chini, anaziba mpira wa ndani, anakaza njiti, na hasemi sana. Mimi hupumzika hapo kila nikipita kutoka Bukama, kwa sababu ana benchi na haulizi mtu anakwenda wapi. Maisha yake nimeyapata vipande vipande, vingine kwake, vingine kwa bibi yake Mwila, mama wa watoto wake, ambaye kusema si shida kwake.

Kabange ni pacha. Jina lenyewe linasema, na linasema zaidi ya hapo: kwa Waluba, Kabange ni yule aliyetoka nyuma. Tangu utotoni, kila akiitwa ni kama anaambiwa tena nafasi yake mlangoni. Aliyetangulia alipewa jina lake la pacha pia, lakini mapadri walimbatiza Jean, na Jean likamshika. Yeye hakuna anayemkumbusha nafasi yake kila akiitwa.

Watu wa kwetu wana sheria juu ya mapasa, yaani mapacha, na hakuna aliyeiandika popote. Ukimpa mmoja, umpe na mwingine, kitu kile kile, siku ile ile. Usipofanya hivyo, yule uliyemruka atashikwa na homa, atakataa kula, na lawama zitakuja kukaa kwako. Mama yao aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Yai likiwa moja, halipikwi. Kitambaa kikitosha shati moja, kinarudi kwenye sanduku. Jean akishikwa na malaria akinyweshwa kinini, Kabange, mzima kabisa, anafunguliwa mdomo anamiminiwa kinini ileile chungu. Jean akichapwa kwa kuvunja mtungi, Kabange anaitwa kutoka mchezoni, anachapwa naye, halafu wote wawili wanapewa bukari, ugali wa kwetu.

"Nilikuwa nalia kwa kosa nisilolijua," aliniambia siku moja, akicheka kidogo. "Lakini sikuwa na wivu. Wivu niliujua siku mapadri walipokuja kuchagua watoto wa bweni."

Mapadri walikuwa na nafasi moja kwa kila nyumba. Mama alikataa. Akasema wachukue wote au waache wote. Padri akasema nafasi ni moja, na watoto wa wengine wako nje wanangoja. Basi ikabidi aitwe Mzee Mwamba, kaka mkubwa wa baba yao, ambaye alikuwa kichwa cha jamaa. Mzee Mwamba aliwaza, akavuta tumbaku, kisha akatoa hukumu ambayo jamaa nzima ilisifu kwa miaka: Jean aende bweni, na Kabange, ili mizani isilale upande mmoja, anunuliwe kinga mpya.

Mnaona vile kosa linavyovaa nguo za haki. Mmoja shule, mwingine kinga, na mbele ya macho ya watu vitu vilikuwa sawa. Kuna siku za mwanzo ambazo hata Kabange alijiona ndiye mshindi, maana kinga ilikuwa nyekundu na watoto walimkimbilia nyuma mpaka mtoni. Lakini shule ilikuwa inakua na kinga ilikuwa inachakaa. Jean alirudi likizo na Kifaransa, akarudi tena na viatu, akarudi na cheti. Kabange akawa anatafuta mnyororo wa kubadilisha. Kwa kuitengeneza kinga ile mara kwa mara akajua kutengeneza za watu, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha yeye, Mwila na watoto.

Leo Jean ni mwalimu wa sekondari, upande wa sayansi za jamii. Anafundisha watoto namna watu wanavyoishi pamoja: kwa nini wanatii desturi, nani anaitwa mkubwa na kwa nini, mtu anafunzwa wapi kuwa mtu. Somo lenyewe wanaliita sosiolojia. Wanafunzi wanamwita Profesa, ingawa si profesa wa chuo, na hakatai. Kila asubuhi anapita mbele ya mabati ya Kabange, chaki kwenye mkono wa shati, mkoba kwapani.

"Yambo, ndugu yangu."

"Yambo."

Kabange anamtazama mpaka anapotea kwenye kona ya duka la simu. Anatazama viatu kwanza. Akirudi nyumbani anamwambia Mwila kwamba Jean amevaa viatu vingine.

"Weye," Mwila anamjibu, "hata kikohozi ya Jean unatakaka. Akikohoa, unaniuliza kama shiye tuko na kikohozi."

Na ni kweli. Jean alipoweka mabati kwenye nyumba, Kabange alitoa majani ya paa kwenye yake ili naye aweke mabati, hata kabla mvua hazijaisha. Jean alipoweka mlango wa chuma, Kabange hakupata usingizi mpaka mchomeleaji alipofika. Ajabu ni kwamba jirani yake wa ukutani, Yav, mfanyabiashara, alijenga nyumba ya ghorofa, akanunua gari na jenereta inayopiga kelele mpaka alfajiri, na Kabange hakusikia chochote moyoni. Alimpongeza, akamsaidia hata kubeba matofali.

Siku moja aliliweka jambo hilo mbele ya ndugu yake. Kinga ya Jean ilikuwa imetoboka, naye alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja. Nilikuwepo.

"Yav iko na gari," Kabange alisema, mkono ndani ya karai la maji akitafuta tundu. "Haiko inaniuma. Weye unanunua soksi, inaniuma. Mu masomo yako, iko na jina?"

Jean alicheka, lakini kwa upole. "Iko na jina. Muntu hapimike na kila muntu. Anachagua bale anaona ni kama yeye, njo anajipima nabo. Hakuna muntu wa Kamina analala vibaya juu ya nyumba ya mfalme wa Ulaya."

"Donc minyi njo nilikuchagua?"

"Hapana. Weye, walikuchagulia. Walitupima pamoja tangu tumboni."

Kabange alilitoa tundu kwenye maji, povu likitoka. "Ni hapa," alisema. Akaanza kulisugua.

Basi Mzee Mwamba alikufa. Alikuwa mzee kweli, alikufa usingizini, na kilio chake kilikuwa na watu wengi na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa kutosha. Baada ya kuzika, jamaa ilikaa ili kutafuta nani atakalia kiti chake. Kiti hicho ni cha mti, kifupi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Anayekikalia ndiye anayepokea wageni wa posa, anayeamua ugomvi wa mashamba, anayetamka neno la mwisho. Watoto wa kiume wa Mzee Mwamba walikufa kabla yake. Waliobaki kwenye mstari walikuwa mapasa.

Kabange alikuwa amekwisha kukitamani kiti hicho tangu Mzee Mwamba alipolazwa hospitali. Mwila alikuwa anasikia usiku akigeuka kwenye kitanda. Maana waza: katika maisha yake yote, hiki kilikuwa kitu cha kwanza ambacho hakiwezi kutolewa mara mbili. Bati mtu ananunua, na mwenzake ananunua. Kiti cha jamaa ni kimoja. Akikikalia yeye, Jean atakaa kwenye mkeka, na hakuna mama wala padri atakayekuja kusawazisha.

Alikuja kikaoni na maneno tayari. Aliniambia aliyasema kwa kinga zote alizozitengeneza wiki ile.

"Ba yaya, ba tantine," alianza, amesimama mbele ya kaka na shangazi zake. "Munajua vile Mzee Mwamba alitugawanyia. Jean alipata masomo. Minyi nilipata kinga. Kinga ilikufa. Masomo ya Jean ingali inaishi, inamupa mushahara. Kama ni kusawazisha, kiti iko yangu."

Alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alijua Jean atasimama, atatoa Kifaransa, atasema yeye ndiye alitangulia kutoka, na wazee watatikisa kichwa kumkubalia. Alikuwa hata na jibu la hilo.

Jean hakusimama. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba wa mitihani magotini.

"Mumupe Kabange," alisema. "Ni haki yake. Minyi nitafurahi."

Ikaisha hivyo. Wazee walipumua, kila mtu alikuwa anaogopa ugomvi. Kabange alibaki mdomo wazi kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega kumbe haukufungwa. Neno la Jean lilimwingia vibaya. Ikiwa kiti hiki kilikuwa kitu, kwa nini Jean alikitoa upesi hivyo, bila hata kuweka mkoba chini?

Hapo ndipo Tantine Kyabu alipokohoa. Huyo ni dada wa marehemu, mwanamke mdogo wa mwili, meno machache, mdomo mkali. Yeye ndiye aliyewapokea mapasa siku walipozaliwa, na mpaka leo anawasema kama vile wangali uchi.

"Muzuri," alisema. "Kabange mumemupa. Na Jean, mutamupa nini?"

"Sihitaji kitu, tantine," Jean alisema.

"Sikukuuliza kama unahitaji. Weye nilikuona hauna hata suruali, haungeniambia unahitaji nini." Watu walicheka. "Bale ni mapasa. Umepa mumoja, umepa na mwingine. Ao munataka mumoja alale na homa kesho, mukuje kuniita?"

"Tantine, mambo ya homa—"

"Profesa hamini," Tantine Kyabu aliwaambia watu, kana kwamba Jean hayupo. "Muzuri. Asiamini. Lakini akipata homa ya kawaida ya mbu, munafikiri bantu batasema nini? Batasema ni Kabange. Batasema alikula kiti pekee yake. Unataka ndugu yako aitwe vile?"

Baadaye Jean alimwambia Kabange kwamba mwaka mzima huwafundisha watoto jambo hilo kwa ubao, namna desturi inavyomshika hata asiyeiamini, kwa sababu inashika majirani zake. Na siku hiyo Tantine Kyabu alilifundisha kwa dakika moja akiwa ameketi.

"Kiti hatukatake na shoka," Tantine Kyabu alihitimisha. "Lakini kazi ya kiti inagawanyika. Mu jamaa yetu, wa kiti hasemake mbele ya wageni. Anasema ku sikio ya muntu, na ule muntu njo anatoa sauti. Basi Kabange atakaa. Jean atakuwa mdomo."

Kila mtu alisema ni vizuri. Ilikuwa vizuri kabisa, kama ile hukumu ya shule na kinga.

Usiku ule Mwila alimpikia kuku. "Umepata," alimwambia.

"Sikupata," Kabange alisema. "Amenipa."

"Si ni sawasawa?"

"Haiko sawasawa hata kidogo."

Asubuhi alimwendea Jean nyumbani, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, kwa sababu kila akienda aliona kiti kipya au pazia. Jean alikuwa anakunywa chai.

"Uniambie kweli. Kiti haukuitaka juu ya nini?"

"Kaa kwanza, ndugu."

"Nitasimama."

Jean aliweka kikombe. "Juu ya kazi. Muntu akiona kiti, anaona heshima. Minyi naona bale batakuja nyuma ya heshima. Kila kilio utakaa mpaka mwisho. Kila bwana na bibi wakipigana, mlango wako. Shamba ya mihogo imeliwa na mbuzi, mlango wako. Kiti ni nafasi tu. Ile bantu banangojea kwako juu ya nafasi, njo inachosha. Minyi niko na mitihani."

"Kumbe ulinipa muzigo, ukaiita kiti."

"Weye njo uliiomba."

Kabange aliondoka bila kuaga. Njiani alikuwa anawaza: hata kile nilichomshinda, ameniachia kwa sababu kilimchosha kabla hajakishika. Nguo ya mtu mkubwa iliyombana, ikaletwa kwa mdogo.

Na mambo yakawa vile Jean alivyosema. Mbuzi walikula mihogo, watu walikuja. Kabange alikaa kwenye kiti kifupi, magoti karibu na kifua, Jean kwenye mkeka pembeni yake ametega sikio. Kabange alisema kwa sauti ya chini, kwa maneno machache ya fundi: mwenye mbuzi alipe mbegu, amfunge mbuzi. Jean alinyanyuka akaligeuza hilo kuwa hotuba. Hakubadilisha hukumu hata kidogo, lakini aliivika. Akaanza kwa marehemu, akapita kwa mababu, akamtaja mbuzi kwa heshima mpaka watu wakacheka, na alipofika kwenye mbegu na kamba kila mtu alikuwa amekwisha kukubali. Walipiga makofi. Waligeuza nyuso kwa Jean.

"Profesa amehukumu muzuri," mwenye shamba alisema akitoka.

Kabange alisikia. Kiti kilikuwa chini yake na mtu yule hakukiona.

Ikawa hivyo kila mara. Alianza kumtolea Jean maneno magumu, marefu, ili aone kama atasahau. Jean hakusahau. Akampa mafupi sana, neno moja, aone atafanya nini. Jean alitengeneza neno lile moja likawa nyumba yenye vyumba. Mwila alimwambia aache kutafuta jiwe ndani ya wali. Hakuacha.

Halafu jamaa ya Katende ilituma watu. Katende ni kijana wa Kasai, karani, wazazi wake walirudi Kamina baada ya zile fujo za miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, na wakafungua tena duka la chumvi na sabuni. Alikuwa anamtaka Jenny, binti ya Jean. Jenny amesoma, ni muuguzi. Siku ya kuja ilipangwa, na neno la kuwakubali au kuwarudisha lilikuwa la mwenye kiti.

Hapo Kabange alielewa alichokuwa nacho mkononi. Yeye ana binti, Shekina, anayeuza samaki wa Bukama pale stesheni. Shekina ni mkubwa kuliko Jenny, na hajaolewa. Na kwetu mtu akitaka kuzuia ndoa ya mdogo, anasema tu: mkubwa angali nyumbani. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Ni desturi, ni safi, hakuna atakayesema ni wivu. Ndoa ingesimama, Jean angesimama nayo, na Jean mwenyewe ndiye angetoa sauti ya kuisimamisha.

Alimwuliza Shekina kwanza. Alimkuta amepanga samaki juu ya meza, anafukuza inzi kwa kipande cha karatoni.

"Jenny anataka kuolewa. Weye njo mukubwa."

"Aolewe, papa. Hata leo."

"Haikuume?"

"Iniume nini?" Shekina alimtazama baba yake vizuri. "Minyi Katende simutaki. Hata kama angenitaka. Papa, usinitie mu mambo yenu ya weye na Papa Jean. Nikitaka bwana nitakuambia. Ukitaka samaki, sema sasa, treni imeingia."

Mwila alipopata habari hakupandisha sauti. Alimwambia tu, akichuma sombe, majani ya mihogo: "Ukitumia jina ya mutoto wangu kumufinya ndugu yako, ule kiti utalala juu yake."

Kwa hiyo alijua kwamba hakuna aliyemtuma. Siku ilipofika, moyo wake ulikuwa haujachagua.

Watu wa Katende walikuja wamevaa vizuri. Mbele alikuwa Kabeya, mjomba wa kijana, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akifuatwa na Biuma, mama wa kijana, na wanawake wenye mabeseni vichwani. Walikaa upande wao. Sisi tulikaa upande wetu, na mimi nilipewa nafasi nyuma karibu na ukuta, kama mgeni wa nyumba. Jenny alikuwa ndani. Ulikuwa unaona pazia likisogea. Tantine Kyabu alikaa katikati ya mkeka na kuyatazama mabeseni.

Kabeya alisema yake, akawasifu watu wa Kamina, akasema wameona ua katika nyumba hii na wamekuja kuuliza kama lina mwenyewe. Kisha akanyamaza. Jean aliinama kwenye sikio, yaani alileta sikio lake karibu na mdomo wa ndugu yake, na akangoja.

Kabange alichelewa. Aliniambia baadaye kwamba aliona kwa karibu shingo ya Jean, mahali kinyozi alipopita vibaya, na jasho jembamba. Hakuwahi kumwona Jean anaogopa. Shule haikumwogopesha, ukaguzi haukumwogopesha, na sasa alikuwa anaogopa pumzi ya Kabange. Ilikuwa tamu. Kabange hakunificha hilo.

"Uwaambie," alisema chini, "mu nyumba hii mukubwa angali hajaolewa."

Jean hakusogea mara moja. Alimgeukia kidogo, macho yakakutana. Hakuna mwingine aliyesikia maneno hayo. Jean angeweza kusimama na kusema kitu kingine chochote, kizuri, cha kukaribisha, na Kabange, asiyeruhusiwa kusema mbele ya wageni, angebaki na kiti chake kama bubu. Wote wawili walijua hivyo. Nadhani Kabange alikuwa anakingojea hicho, maana kingempa kesi ya maisha yote.

Jean alisimama.

"Mwenye kiti anasema," alianza, na sauti ilikwaruza kidogo, akaisafisha. "Mwenye kiti anasema kwamba katika nyumba hii kuna dada mkubwa, na dada mkubwa bado hajaolewa."

Hakuweka mababu wala pambo. Aliyatoa vile yalivyo, yote, akasimama mikono imelala.

Pazia liliacha kusogea. Kabeya aliinamisha kichwa, kwa sababu hayo ni maneno ya kumwambia mtu abebe mabeseni yake. Biuma alianza kukusanya kitenge chake. Kwenye upande wetu niliona Mwila amemkazia bwana yake macho bila kupepesa, na Tantine Kyabu alisema, si kwa sauti ya chini sana, "Kinini inamurudia ku koo."

Jean alikaa tena kwenye mkeka. Na kama kazi yake inavyotaka, alirudisha sikio lake pale pale, karibu na mdomo wa Kabange, akangoja neno lingine. Hakuomba wala hakumshika mguu. Alingoja tu.

Kabange alikuwa ameshinda. Aliutafuta ule utamu wa kwanza, akakuta umeondoka. Mbele yake kulikuwa na mtu aliyetamka maneno ya kumvunja mtoto wake mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu alipewa ayatamke. Kabange alijiuliza kama yeye angeweza. Alijijibu kwamba angebadilisha. Kwa hiyo hata hapo, juu ya kiti, na Jean chini, kulikuwa na kitu ambacho Jean alikuwa nacho na yeye hana, na kilimchoma kuliko viatu vyote.

"Sema," alimnong'oneza, "ule mukubwa amepisha mudogo. Sema amepisha kwa moyo yake." Akavuta pumzi. "Na useme minyi njo nimeitika. Minyi. Si weye."

Jean alisimama tena. Sasa sauti ilikuwa imerudi.

"Wakwe zetu, kaeni, msiondoke. Mwenye kiti hajamaliza. Mkubwa aliyesemwa ni Shekina, binti ya mwenye kiti mwenyewe. Dada huyo amesimama mlangoni, na mlango ni wake kupita kwanza. Ametazama nyuma, akamwona mdogo wake ana haraka," hapo watu wakaanza kucheka, "akasogea, akasema pita. Amesogea kwa moyo wake. Na aliyemlea mtoto wa moyo wa namna hiyo ni Kabange, ambaye amekaa hapa. Mimi ni baba wa Jenny, lakini mimi sikuitika. Mimi sina ruhusa ya kuitika. Aliyeitika ni yeye. Mshukuruni miguuni pake."

Vigelegele vilitoka ndani kabla ya nje. Biuma alisimama akacheza pale pale na beseni lake. Kabeya alivuka uwanja, mnene vile, akaenda moja kwa moja kumshika Jean mikono, akamwambia: "Ulisema muzuri, papa, ulisema muzuri sana," halafu ndipo akakumbuka, akageuka, akapiga goti mbele ya kiti.

Kabange alimpokea. Alikuwa amesikia kila neno, na kila neno lilikuwa lake, na halikutoka namna lilivyokuwa kwenye mdomo wake. Lile la kusogea mlangoni hakulisema. Lile la haraka ya mdogo hakulisema. Yalikuwa mazuri, na alitamani kwa uchungu kwamba yangekuwa yametoka kwake.

Wanawake walikuwa wanafunua mabeseni. Jean alikuwa amekaa tena kwenye mkeka, anajifuta shingo kwa kitambaa. Kabange aliinama mpaka kwenye sikio lake.

"Ile ya mwisho," alisema. "Ya kusema minyi njo niliitika. Bale ba nyuma hawakusikia."

"Walisikia, ndugu."

"Sema tena."

Jean alikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akasimama.